Maswali ya Wasomaji: Kabati la Anime Bila Kufilisika

Toka tulipogusia anime (katuni za Kijapani) za diski kwenye toleo lililopita maswali yamemiminika, mengine marefu kuliko majibu yenyewe, kwa hiyo nimeyapunguza kidogo, wenyewe mtajitambua. Majina niliyoweka ni yale mliyojipa.

Shikamoo anko. Ndo naanza kukusanya na nshaanza kukata tamaa. Anime ile ile naikuta kwa bei mbili zisizofanana hata kidogo, ya Kijapani kila diski ina episodi mbili tu na bei inatisha, ya Kimarekani msimu mzima uko kwenye boksi moja na bei inaeleweka. Hapa nani anapigwa? (Mgeni wa Kabati)

Marahaba mwanangu. Hapigwi mtu hapo, ni wanunuzi wa aina mbili tofauti. Japani tangu enzi za VHS mikanda ilitengenezwa zaidi kwa ajili ya maduka ya kukodisha na kwa mashabiki wachache ambao watanunua tu hata bei iweje, basi kampuni zikaona afadhali kuuza chache kwa bei kubwa, na mtindo huo ukahamia kwenye DVD na baadaye Blu-ray bila kubadilika sana. Ndo maana unakuta diski moja, episodi mbili, labda tatu, yen 6,000 hadi 8,000, afu msimu wa episodi 12 unakula diski sita. Piga hesabu mwenyewe. Na mara nyingi sabtaito za Kiingereza hamna. Marekani nako walipita kwenye DVD za episodi nne nne, watu wakachoka, soko likaporomoka mwishoni mwa miaka ya 2000, siku hizi kawaida ni boksi la episodi 12 au 24 kwa mara moja.

Ila kuna mtego ambao wageni wengi hawaujui. Kwenye Blu-ray, Japani na Marekani ziko eneo moja (ndo rijoni, naieleza chini), kwa hiyo Mjapani anaweza kuagiza boksi rahisi la Kimarekani akalicheza kwake bila shida yoyote, na wenye mali Japani hilo lilikuwa linawanyima usingizi. Wakaanza kuweka masharti, mfano diski nyingine hairuhusu kuzima sabtaito ukichagua sauti ya Kijapani, na Persona 4 The Animation ilitoka Blu-ray Marekani bila sauti ya Kijapani kabisa, Kiingereza tu. Kwa hiyo kabla ya kufurahia bei geuza kasha usome lugha zilizomo, kama unanunua mtandaoni omba picha ya nyuma. Na usidhani kila cha Marekani ni rahisi, Aniplex of America, tawi la kampuni ya Kijapani, wana bei zao za peke yao, zinakaribia kabisa za nyumbani Japani, hao mi huwa nawaachia wenye uwezo.

Kaka, kuna boksi nalitaka ila nasubiri lishuke. Mwenzangu ananitisha nikisubiri sana litapotea. Nani mkweli? (Msubiri)

Wote wawili, na hapa ndo penye mchezo wenyewe wa kukusanya kwa hela kidogo, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Siku boksi linatoka ndo siku mbaya ya kununua. Mara nyingi linatangulia toleo maalum, boksi gumu, kitabu cha michoro, kadi za picha, mambo mengi ambayo utayaangalia mara moja ukayarudisha ndani. Baadaye linafuata toleo la kawaida, diski zile zile ndani ya kasha la plastiki, na hilo ndo linaloshuka kila msimu wa punguzo. Funimation, kampuni iliyokuwa inauza anime Marekani, walikuwa hata na mstari mzima wa matoleo ya bei chee waliouita S.A.V.E., kasha la kijani, anime iliyokuwa ghali miaka miwili mitatu nyuma unaipata kwa bei ya kutupa. Mstari huo haupo tena lakini tabia ya soko ni ile ile, anayengoja toleo la pili halipi gharama ya kadi za picha.

Upande wa pili ni leseni. Kampuni inayouza anime nje ya Japani haiimiliki ile anime, imepewa ruhusa kwa miaka kadhaa tu, ruhusa ikiisha hairuhusiwi kuchapa tena, na kama kampuni yenyewe ikifa ndo hali inakuwa mbaya zaidi. Geneon waliacha kusambaza Marekani 2007, ADV Films wakafungasha virago 2009, Bandai Entertainment wakatangaza mwanzoni mwa 2012 kuwa hawatoi vitu vipya, na kila mara majina mengi yalikuwa yanabaki yatima. Hapo sasa zile kopi zilizobaki sokoni zinaangukia mikononi mwa walanguzi na bei haina tena uhusiano na ubora wa anime, ni uhaba mtupu. Anime ya kawaida kabisa ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka ikiwa kwenye punguzo inageuka lulu, watu bana.

Kwa hiyo muda wako wa kununua ni pale katikati, toleo la kawaida lishatoka, mzigo bado upo. Dalili kwamba unaisha ni hizi: maduka mawili matatu makubwa yanaandika halipo kwa wakati mmoja, kampuni yenyewe inaliondoa kwenye orodha yake, au ghafla kampuni inauza majina fulani kwa punguzo kubwa kuliko kawaida yake, maana anayemaliza leseni anataka ghala litoke. Ukiona hivyo acha kusubiri. Kwa nyakati za kawaida subiri mwisho wa Novemba na siku za mwisho wa mwaka, ndo punguzo kubwa zinapotoka. Kama unanunua Amazon kuna tovuti inaitwa CamelCamelCamel inakuonyesha bei ya bidhaa ilivyopanda na kushuka huko nyuma, ukiangalia ule mchoro utagundua "punguzo" zingine ni bei ya kila siku imevalishwa bendera.

Zamani swali kama hili ningelijibu kwa neno moja, Right Stuf. Hao walianza 1987, duka lililobobea kwenye anime, na kila wiki wanashusha bei za kampuni fulani. Crunchyroll, wale wa strimingi ya anime, wakawanunua 2022, Oktoba 2023 duka likamezwa na duka la Crunchyroll. Siku hizi lazima uzunguke, hakuna sehemu moja inayotosha.

Dada mhariri, samahani, hivi nikinunua DVD badala ya Blu-ray nitakuwa najidanganya? DVD zimekuwa rahisi mno mpaka natilia shaka. (Mwenye Runinga Kubwa)

Aliyeshika kalamu ni kaka, ila dada mhariri amekusikia. Hapa inategemea anime ilitengenezwa lini, na jambo hili likikukaa kichwani utaokoa hela nyingi sana.

Anime za zamani, za miaka ya 70, 80 na sehemu kubwa ya 90, zilichorwa kwa mkono kwenye karatasi za plastiki zikapigwa picha kwenye filamu ya kweli. Filamu ina maelezo mengi kuliko DVD inavyoweza kubeba, kwa hiyo ile filamu ikipatikana ikaskaniwa upya, Blu-ray yake inakuwa nzuri kupita kiasi, utaona mpaka mikwaruzo ya brashi. Hapo lipia Blu-ray. Za kisasa nazo kuanzia miaka ya 2010 zinatengenezwa moja kwa moja kwa ubora wa juu, hapo pia Blu-ray.

Tatizo lipo pale katikati. Kati ya mwisho wa miaka ya 90 na mwanzo wa 2000 studio zilihamia kwenye kupaka rangi kwa kompyuta, na anime nyingi za televisheni za kipindi hicho zilikamilishwa kwa ubora ule ule wa DVD, filamu hakuna, cha kurudi kuskani hakuna. Blu-ray ya anime kama hiyo ni picha ndogo imevutwa ikawa kubwa. Wengine wanaivuta kwa ustadi, wengine wanaiharibu kabisa, nyuso zinakuwa kama za nta. Kwa hiyo anime ya 2003 kwa mfano, DVD iliyotumika kwa bei ya kutupa inaweza kukutosha kabisa na roho ikatulia. (Sazae-san peke yake ndo iliendelea na michoro ya plastiki mpaka 2013, wazee wale hawakuwa na haraka.)

Discotek Media, kampuni ya Marekani inayotoa anime za diski, wana njia yao ambayo binafsi naipenda, anime isiyo na ubora wa juu hawailazimishi, wanaiweka kwa ubora wake wa asili kwenye diski ya Blu-ray. Diski ya DVD inabeba GB 4.7 au 8.5, ya Blu-ray GB 25 au 50, kwa hiyo mlolongo mzima uliokuwa unajaza rafu unakaa kwenye diski moja au mbili, picha haijabanwa sana, na bei inakuwa ya chini. Kama kabati lako ni dogo hao ndo rafiki zako.

Mkuu, nimeona episodi zote 220 za Naruto kwenye DVD kumi hivi, mpya, kwa bei ambayo hata siamini. Nichukue? (Bahati Imenidondokea)

Usichukue. Hiyo ni feki.

Jina la anime halijalishi, hesabu yenyewe ndo inakataa. DVD halali inabeba kawaida episodi nne mpaka saba hivi zenye ubora wa maana, ukiambiwa diski moja imebeba ishirini na mbili jua picha imekamuliwa mpaka imebaki vijiboksi. Alama nyingine: imeandikwa rijoni zote, sabtaito ni za Kichina au Kimalay na Kiingereza, kile Kiingereza ukikisoma unaumwa kichwa na majina ya wahusika yanabadilika kutoka episodi hadi episodi, kuna stika ya kung'aa ya kuonyesha eti ni "orijino", na hakuna nembo ya kampuni yoyote unayoijua inayouza anime hiyo kihalali. Kwa Blu-ray igeuze chini, diski iliyochapwa kiwandani na ile iliyochomwa kwenye kompyuta hazifanani rangi, na kwa DVD ile rangi ya zambarau ni ushahidi tosha.

Wauzaji wengine wanaandika "toleo la Asia" au "imeagizwa kutoka nje", ni kweli kabisa imeagizwa, ila haikuagizwa kwa mwenye mali. Na kama we ni mkusanyaji ujue hiyo kitu haina thamani ya kuuza tena, siku umeichoka umebaki nayo. Afadhali umalize msimu mmoja wa halali kwa mwaka.

Naomba kueleweshwa habari ya rijoni kwa lugha rahisi, kila mtu ananieleza kivyake. Nimeagiza boksi la Uingereza deki yangu imelikataa. (Deki Kichwa Ngumu)

Rijoni ni eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. Kwa DVD yapo sita. 1 ni Marekani na Kanada, 2 Ulaya na Japani (na nchi kadhaa za Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini), 3 ni Asia ya kusini mashariki na Korea Kusini, 4 Australia na Amerika ya Kusini, 5 sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi, 6 China. Kwa Blu-ray yamebaki matatu, A ni bara lote la Amerika na Japani na jirani zake wengi wa mashariki, B ni Ulaya, Afrika na Australia, C ni China, India, Urusi. Diski za 4K hazina kufuli hilo, lakini angalia, ile Blu-ray ya kawaida inayokuja pamoja nayo kwenye boksi inaweza kuwa nalo.

Boksi lako la Uingereza, kama ni la Blu-ray, bila shaka ni B na deki yako ni A. Suluhisho ambalo linajilipa lenyewe ni kununua deki isiyojali rijoni, maana mtu mwenye deki hiyo anaangalia bei ya Marekani, ya kampuni kama Anime Limited na MVM kule Uingereza, na ya kule Australia, anachukua iliyo chini. Gharama ya deki inarudi taratibu bila wewe kujua. Kwa DVD ni rahisi zaidi, deki nyingi za bei ya chini zinafunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, tafuta jina la modeli yako, na kwenye kompyuta programu ya VLC mara nyingi inacheza bila kuuliza. Ukitumia kompyuta usikubali ile programu nyingine inayokwambia ubadilishe rijoni ya kisomeo cha diski, unaruhusiwa mara tano tu, ya tano ikipita imejifunga hapo hapo milele. PlayStation nazo Blu-ray za michezo hazijali ila za filamu zinafuata rijoni, wengi wanachanganya hapo.

Na kabla hujanunua soma maelezo vizuri, baadhi ya diski za Uingereza na Australia zimechapwa kwa A na B pamoja japo kasha limeandikwa B.

Kaka, nasikia vya mkononi Japani ni rahisi kuliko vipya popote. Kweli au porojo? (Mla Mitumba)

Kweli, na inashangaza ukizingatia nilichomjibu mgeni wetu kule juu. Yale maboksi ya yen 7,000 kwa diski yakishatoka kwenye mikono ya mtu wa kwanza yanaporomoka vibaya, hasa ya anime ambazo zilivuma msimu mmoja zikasahaulika. Sababu moja ni kwamba wengi hununua diski kwa ajili ya vilivyoambatana nayo, CD ya nyimbo au tiketi ya kuingia bahati nasibu ya tamasha la waigizaji, wakishachukua wanachokitaka diski inarudi kwenye maduka ya mitumba kama Book Off au Mandarake au Suruga-ya. Na Wajapani wanatunza vitu, kile wanachokiita kimechakaa we ungekiita kipya, mpaka kile kikaratasi cha pembeni kipo.

Maduka mengi ya huko na minada yake hayatumi nje, au yanatuma kwa masharti, ndo unapita kwa wakala kama Buyee au ZenMarket, ananunua kwa jina lake, anapokea, anakutumia. Na hapo kwenye wakala ndo watu wanapoumia. Utaona boksi bei yake ni ndogo kuliko soda, ukalipia, afu ikaja ada ya wakala, usafiri wa ndani ya Japani kwa kila muuzaji, usafiri wa kimataifa kwa uzito, na ushuru, mwisho wa siku boksi limekuwa bei ya jipya. Dawa ni kukusanya vitu vingi kwa muuzaji mmoja, kuviacha ghalani kwa wakala mpaka vitoshe, afu vitumwe kwenye furushi moja. Kitu kimoja kimoja usijaribu. Na ukumbuke sabtaito, kama Kijapani hukielewi unanunua boksi zuri la kuangalia kwa nje, ambalo pia si dhambi.

Kwa nini mtu ajisumbue na haya yote wakati kila kitu kipo kwenye strimingi? (Nauliza Tu)

Waulize waliokuwa na kopi za kidijitali za Funimation. Walinunua diski, ndani kukawa na kikaratasi cha namba ya siri, wakaingiza, wakawa na "kopi yao" kwenye programu. Aprili 2024 programu ikafungwa, kopi zile hazikuhamia Crunchyroll. Diski waliobaki nazo bado zinacheza.

Anko, Dragon Ball Z nichukue toleo gani? Ziko nyingi nimechanganyikiwa. (Goku wa Bajeti)

Yale maboksi ya rangi ya chungwa ya DVD yaliyoanza kutoka 2007 ni rahisi na yako kila mahali, episodi zote zimo, ila picha imekatwa juu na chini ili ijaze skrini pana, kuna mahali nywele za mtu zinaishia nje ya runinga. Dragon Box saba zilizofuata zina picha nzima lakini ziliacha kuchapwa na bei zake sasa hivi sikushauri hata uzitafute. Kama ni kutazama tu na kukumbuka utoto, chungwa, huku unajua unachokikosa. Kama kukatwa picha kutakukera kila episodi, basi usianze, maana ni episodi 291.

Mkubwa, nina DVD za zamani za anime ambayo haichapwi tena, watu wanazililia. Niuze sasa au ningoje zipande? (Mlanguzi Mtarajiwa)

Uza sasa. Neon Genesis Evangelion DVD zake za Marekani zilipanda miaka na miaka kwa sababu hazikuwa zinachapwa, wenye nazo wakajiona wameweka akiba, 2021 kampuni ya GKIDS ikatoa Blu-ray na mnunuzi wa kawaida akaachana na zile za zamani. Waliobaki kuzitaka ni wale wanaopenda sauti ya zamani ya Kiingereza, maana toleo la kawaida la GKIDS halina, ipo kwenye toleo maalum la bei mbaya, na wimbo wa Fly Me to the Moon uliokuwa unafunga kila episodi haumo. Kwa hiyo angalia zako zina kitu gani ambacho toleo jipya litakikosa, sauti fulani, sabtaito fulani, wimbo. Kama zina kitu hicho ziuze polepole na uandike wazi kwenye tangazo, kama hazina ziuze wiki hii, na ukiuza piga picha diski chini kwenye mwanga mkali ili mnunuzi aone mikwaruzo kabla hajalipa.